Paul Ngei: Jela haikumshinda, madeni yakamwondoa bungeni

KATI ya Wakenya sita waliohukumiwa Kapenguria mwaka wa 1953, hakuna aliyeanguka na kuinuka mara nyingi kama Paul Joseph Ngei. Jela ya mkoloni ilimchukua kijana, akatoka na kuwa kiongozi. Kashfa ya mahindi ilimsimamisha kazi ya uwaziri, akarudishwa. Mahakama ya uchaguzi ilimnyang'anya ubunge, na katiba ya nchi ikarekebishwa ili asamehewe.

Kilichomwangusha asiinuke tena ni jambo ambalo humpata hata mwenye duka la rejareja kijijini, nalo ni deni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mahakama ilimtangaza kuwa muflisi, yaani mtu asiyeweza kulipa anachodaiwa. Kwa uamuzi huo alipoteza uwaziri, akapoteza pia kiti cha ubunge cha Kangundo, na siasa za mtu aliyekuwa sauti kuu ya Ukambani kwa takriban miaka 30 zikafikia kikomo.

Maisha ya mwanasiasa huyo, aliyeaga dunia mnamo Agosti 15, 2004, husimuliwa zaidi kwa ajili ya ushujaa wake na vituko vyake. Hata hivyo, lipo funzo jingine ambalo halizungumzwi sana, hasa kwa mwananchi anayeamka kila mwezi akiwaza kodi ya nyumba, karo na mikopo. Funzo hilo ni kwamba deni halijali cheo wala sifa, na kwamba ufukara wa kisheria una masharti yake ambayo hata rafiki wa rais hawezi kuyakwepa.

Mjukuu wa Masaku

Ngei alizaliwa mwaka wa 1923 katika eneo la Machakos. Alitoka katika ukoo wa Masaku, mtabiri mashuhuri wa Wakamba ambaye jina lake ndilo lililozaa jina la mji wa Machakos. Kwa hivyo, tangu utotoni alibeba jina lililoheshimiwa, na watu walitarajia makubwa kutoka kwake.

Alipata elimu ambayo Waafrika wachache wa wakati huo waliipata. Alisoma katika Shule ya Upili ya Alliance, akahudumu katika jeshi wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kisha akaendelea na masomo katika Chuo cha Makerere nchini Uganda. Aliporejea, alijitosa katika uandishi wa habari na kuchapisha gazeti lililozungumza na Wakamba kwa lugha yao kuhusu ardhi, mifugo na dhuluma za utawala wa kikoloni.

Punde si punde alikuwa miongoni mwa viongozi wa chama cha Kenya African Union (KAU) kilichoongozwa na Jomo Kenyatta. Usiku wa kuamkia Oktoba 21, 1952, serikali ya mkoloni ilipotangaza hali ya hatari, Ngei alikuwa katika orodha ya waliosakwa. Alishtakiwa pamoja na Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Achieng' Oneko na Kung'u Karumba kwa madai ya kusimamia Mau Mau.

Kesi hiyo iliendeshwa Kapenguria, mbali na Nairobi, ili umma usifike kwa urahisi. Mnamo Aprili 8, 1953, hakimu Ransley Thacker aliwapata na hatia na kuwahukumu kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Oneko alishinda rufaa lakini akaendelea kuzuiliwa. Ngei na wenzake wakapelekwa Lokitaung, katika jangwa la Turkana, ambako jua ni kali na maji ni ya kubahatisha.

Wakati huo alikuwa hajatimiza umri wa miaka 30. Miaka ambayo wanaume wa rika lake walikuwa wakijenga nyumba, wakinunua ng'ombe na kuanzisha biashara, yeye aliimaliza akiponda mawe. Alipoachiliwa huru mwaka wa 1961, alitoka na jina kubwa lakini bila mali ya kulingana na jina hilo. Pengo hilo baina ya ukubwa wa jina na udogo wa mfuko liliwakabili wapiganiaji uhuru wengi, na kila mmoja alilitafutia dawa yake.

Mahindi na njaa ya Ukambani

Siasa zilimpokea Ngei kwa mikono miwili. Mwaka wa 1962 alijitenga na Kanu na kuunda chama chake, African People's Party (APP), kilichoizoa Ukambani katika uchaguzi wa Mei 1963. Miezi michache baadaye alikivunja chama hicho na kurejea Kanu. Hatua hiyo ilimfungulia milango ya serikali. Alipewa uenyekiti wa bodi iliyosimamia ununuzi na uuzaji wa mahindi, kisha akateuliwa kuwa waziri wa vyama vya ushirika na masoko.

Hapo ndipo alipopata doa lake la kwanza. Mwaka wa 1965 ukame uliikumba nchi, na Ukambani ikaumia zaidi, kuanzia vilima vya Machakos hadi maeneo makavu ya mashariki mwa Kitui kama Zombe, ambako hata katika mwaka mzuri mvua haitegemewi. Serikali ililazimika kuagiza mahindi ya manjano kutoka Marekani. Wakamba, ambao huipa kila njaa jina, waliiita njaa hiyo Atta, kutokana na unga wa msaada uliogawiwa.

Watu wakiwa kwenye foleni ya unga, ilidaiwa bungeni kwamba biashara ya mahindi ilikuwa na mikono isiyo safi. Duka lililohusishwa na mkewe Ngei, Emma Stores, lilitajwa kuwa lilinunua mahindi moja kwa moja kutoka kwa wakulima, kinyume na utaratibu uliolazimisha mahindi yote kupitia bodi. Ngei alisimamishwa kazi mapema mwaka wa 1966, na tume iliyoongozwa na Chanan Singh ikaundwa kuchunguza suala hilo.

Baada ya uchunguzi, Ngei alirejeshwa katika Baraza la Mawaziri. Wafuasi wake walifurahia, nao wakosoaji wakanung'unika. Lakini kwa yeye mwenyewe, huenda kurejeshwa huko ndiko kulikopanda mbegu ya anguko lake la baadaye. Mtu anayeokolewa leo bila kulipa chochote huanza kuamini kwamba kesho pia ataokolewa.

Waziri wa Nyumba

Wizara aliyokabidhiwa baada ya sakata hiyo ilikuwa ya Nyumba. Uhuru ulikuwa umeondoa vizuizi vilivyowazuia Waafrika kuhamia mijini, na maelfu walifurika Nairobi wakitafuta kazi. Serikali ilichapisha Waraka wa Bunge Nambari 5 wa 1966/67 kuhusu sera ya nyumba, ukiweka lengo kwamba kila familia ya Kenya iishi katika makao yenye staha. Mwaka wa 1967 Shirika la Kitaifa la Nyumba likaanzishwa ili kuikopesha miji fedha za ujenzi.

Mtu aliyekaa miaka mingi katika seli ya Lokitaung akawa ndiye anayeamua nyumba za wananchi zijengwe vipi na wapi. Hadi leo, wakazi wa Nairobi hulitaja jina lake kila siku, wengi bila kujua, kwa sababu mtaa wa Ngei ulio kando ya Barabara ya Lang'ata umepewa jina hilo. Wapo wapangaji wanaohangaika kutafuta kodi ya mwezi katika mtaa ulioitwa kwa jina la waziri aliyeishia kutangazwa muflisi.

Katika miaka hiyo, Ngei aliishi kwa fahari. Alipenda kuonekana, alipenda kuzungumza, na alipenda kutoa. Siasa za Kenya za wakati huo zilimtaka kiongozi afanye hivyo. Harambee zilikuwa kila wikendi, za shule, zahanati, kanisa au karo ya mtoto wa jirani, na mheshimiwa aliyefika mikono mitupu alionekana kuwa amewaaibisha watu wake. Mshahara wa waziri haukutosha kuziba mapengo hayo yote. Wanasiasa wengi walikopa, na mabenki yaliwakopesha kwa kutazama bendera iliyopepea kwenye gari badala ya hesabu za vitabu.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Siku ya kupokea fedha, mkopo huonekana kama mali. Mkopaji hupongezwa, hushangiliwa na pengine hubebwa juu kwa juu. Siku ya kulipa, washangiliaji hawaonekani.

Katiba ilipobadilishwa

Kabla ya siku hiyo kufika, Ngei aliponea chupuchupu kwa mara nyingine. Baada ya uchaguzi mkuu wa 1974, ushindi wake ulipingwa kortini. Mwaka wa 1975 mahakama ilimpata na hatia ya kosa la uchaguzi kwa kumtisha mpinzani wake. Kwa mujibu wa sheria, ubunge wake ulibatilishwa na alizuiwa kugombea kwa miaka mitano.

Kenyatta, mfungwa mwenzake wa Lokitaung, hakukubali hali hiyo. Mnamo Desemba 1975 mswada uliwasilishwa bungeni kumpa rais mamlaka ya kumsamehe mtu aliyepatikana na kosa la uchaguzi. Wabunge waliupitisha upesi upesi, na sheria hiyo ikafanywa ianze kutumika tangu nyuma ili imguse Ngei. Alisamehewa, akarejea bungeni mwaka wa 1976, na baadaye akarudi katika Baraza la Mawaziri.

Wanasheria hadi leo huitaja sheria hiyo kama mfano wa katiba kurekebishwa kwa manufaa ya mtu mmoja. Kwa Ngei, ilikuwa ithibati kwamba palipo na urafiki na mwenye mamlaka, hakuna mlango usiofunguka. Kenyatta alipofariki Agosti 1978, Daniel arap Moi alimwachia nafasi yake serikalini, na mwanasiasa huyo akaendelea kushika wizara moja baada ya nyingine hadi mwisho wa miaka ya 1980.

Katika kipindi hicho hicho watu wa Ukambani walipatwa na njaa nyingine, waliyoiita Nikw'a Ngwete. Maana yake ni kwamba mtu anakufa njaa ilhali pesa anazo mkononi, kwa kuwa chakula chenyewe hakipatikani. Hali ya Ngei ilikuwa kinyume cha njaa hiyo. Kila kitu kilionekana kipo, kuanzia cheo, walinzi na magari hadi sifa. Kilichokosekana ni fedha za kuwalipa waliomdai.

Siku ya wadai

Kufilisika kisheria si sawa na kukosa pesa mfukoni. Maskini asiyedaiwa na mtu si muflisi. Muflisi ni yule ambaye wadai wake wamemfikisha mahakamani, wakathibitisha kwamba deni ni la kweli na kwamba ameshindwa kulilipa, na mahakama ikatoa amri dhidi yake.

Chini ya sheria iliyotumika wakati wa Ngei, ambayo ilikuwa Sura ya 53 ya Sheria za Kenya, amri hiyo ilikuwa na makali. Mali ya mdaiwa iliondoka mikononi mwake na kuwekwa chini ya afisa wa serikali, ambaye kazi yake ilikuwa kuikusanya, kuiuza na kuwagawia wadai. Mdaiwa alitakiwa kueleza kila alicho nacho na kila anachodaiwa. Hangeweza tena kukopa kiasi kikubwa bila kumfichulia mkopeshaji hali yake. Na hakukuwa na siku maalumu ya kufunguliwa pingu hizo. Aliendelea kuwa muflisi hadi mahakama yenyewe iridhike na kumwondolea amri.

Kwa mbunge, lilikuwepo pigo la ziada. Katiba ilisema wazi kwamba mtu aliyetangazwa muflisi na ambaye hajaondolewa amri hiyo hafai kukaa bungeni. Na kwa kuwa waziri ilibidi awe mbunge, cheo kimoja kilipoanguka kilivuta kingine. Yote aliyoyaponea Ngei tangu Kapenguria yalimkuta katika shimo hili dogo la hesabu.

Safari hii hapakuwa na mswada wa kumwokoa. Msamaha wa 1975 ulihusu kosa dhidi ya sheria za uchaguzi, kosa ambalo dola ingeweza kujitwika na kulifuta. Deni ni la mdai. Rais anaweza kumsamehe mfungwa, lakini hawezi kumsamehe mtu fedha za mwenzake. Ili Ngei abaki bungeni, ilibidi mtu alipe, na hakuna aliyelipa.

Wakati nao haukumpendelea. Mnamo Desemba 1991, Kenya ilirejesha mfumo wa vyama vingi, na uchaguzi wa kwanza chini ya mfumo huo ukafanyika Desemba 29, 1992. Mtu ambaye miaka 30 awali alithubutu kuunda chama na kuishinda Kanu Ukambani aliutazama msimu huo kutoka pembeni. Wanasiasa wa kizazi kipya walijaza pengo lake, na simu zilizolia mchana kutwa zikanyamaza.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya upweke na maradhi. Kisukari kilimdhoofisha, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Alipofariki akiwa na umri wa miaka 80, taifa lilimkumbuka tena, na viongozi wakashindana kumsifu. Sifa hizo zilikuwa za haki, ila zilimfikia akiwa hazihitaji.

Wenzake wa Kapenguria

Hatima ya wenzake inaonyesha jinsi kila mmoja alivyoikabili mali baada ya uhuru. Kenyatta alifariki akiwa rais, na familia yake ikiwa na ardhi nyingi. Kung'u Karumba alikuwa mfanyabiashara, na mwaka wa 1974 alitoweka alipovuka kwenda Uganda kwa shughuli zake, asionekane tena. Kubai alifariki mwaka wa 1996, naye Oneko, wa mwisho wao, akafariki mwaka wa 2007.

Kaggia ndiye aliyekuwa kinyume kabisa cha Ngei. Mwaka wa 1965 Kenyatta alimkejeli hadharani kwa kutojilimbikizia mali kama wenzake waliofungwa pamoja naye. Kaggia hakubadilika. Aliishi maisha ya kawaida na kuendesha kinu cha kusaga nafaka Kandara, hadi alipofariki Machi 2005, miezi michache baada ya Ngei. Wengi walimwonea huruma enzi za uhai wake, ilhali Ngei walimwonea wivu. Mwishoni, mwenye kinu ndiye aliyelala bila hofu ya dalali.

Funzo kwa mpangaji wa leo

Sheria iliyomwangusha Ngei ilifutwa. Mahali pake pana Sheria ya Ufilisi ya 2015, ambayo inamtazama mdaiwa kwa jicho la huruma zaidi. Kwa kawaida, aliyetangazwa muflisi huondolewa amri hiyo baada ya miaka mitatu tangu awasilishe taarifa ya mali na madeni yake, isipokuwa pakiwa na pingamizi. Zana zake za kazi na vyombo vya lazima vya nyumbani hulindwa.

Aidha, sheria hiyo ina njia kwa mtu asiye na mali ya kuuzwa na ambaye madeni yake ni kati ya Sh100,000 na Sh4 milioni. Akikubaliwa, anaweza kuondolewa madeni hayo baada ya mwaka mmoja, mradi hajaficha mali wala kukopa kwa hila. Yupo pia anayeweza kuomba aruhusiwe kulipa kidogo kidogo kulingana na mapato yake. Hata hivyo, kwa anayetaka uongozi, mlango ungali umefungwa. Kifungu cha 99 cha Katiba ya 2010 kinamzuia muflisi ambaye hajaondolewa amri kuchaguliwa mbunge, na kifungu cha 193 kinamzuia kuwa mwakilishi wa wadi.

Wanaozijua njia hizi ni wachache. Katika vituo vya biashara kama Zombe, mwalimu aliyepanga chumba nyuma ya duka, au mchuuzi wa ndengu aliyekopa kununua mavuno kisha mvua ikakosa kunyesha, hana nyumba ya kupigwa mnada. Alicho nacho ni kitanda, meza na zana za kazi. Kodi ikilimbikizana, mwenye nyumba anaweza kutumia dalali kukamata vitu vyake, na hofu hiyo ndiyo humfanya mtu akope kwa mmoja ili amlipe mwingine. Wengi huhama usiku badala ya kukaa chini na wadai wao mapema, wakati bado kuna cha kuzungumzia.

Ngei alikuwa na kila nafasi ya kuketi na wadai wake mapema. Alikuwa na mshahara, jina, marafiki na miaka mingi serikalini. Alichokosa ni mazoea ya kuliogopa deni, kwa kuwa maisha yalikuwa yamemfunza kwamba daima atatokea wa kumnusuru. Mpangaji wa kawaida hana fununu ya mwokozi wa aina hiyo, na pengine hiyo ndiyo bahati yake. Anajua tangu siku ya kwanza kwamba dawa ya deni ni kulipa, na kwamba anayeshindwa kulipa ni heri aseme mapema.

Mgala muue na haki umpe. Paul Ngei aliilipia Kenya uhuru wake kwa miaka ya ujana wake, na deni hilo nchi haijalimaliza. Ila daftari la taifa na daftari la mkopeshaji ni mawili tofauti, na hakuna mahakama inayoruhusu moja lilipie jingine.